Mashine ya Boti Inapomisi: Kuifuata Cheche Kutoka Plagi Hadi Flaiwili

Mashine kuukuu ya boti inapoanza kumisi, yaani inaporuka pigo moja baada ya jingine huku boti ikitetemeka na kasi ikipungua, wenye boti wengi wa huku Kisumu hukimbilia kununua koili, kile kifaa kinachopandisha volti za cheche. Koili ni ghali, na mara nyingi haina kosa. Katika mashine nilizowahi kuzifungua ufuoni Dunga, hitilafu ilijificha zaidi katika vitu vidogo: kofia ya plagi iliyolegea, waya uliochubuka, kutu iliyoota chini ya skrubu ya waya wa ardhi, yaani waya unaoungana na chuma cha injini. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata njia ya cheche kuanzia mwisho wake ulio rahisi kufikika, yaani plagi, kurudi nyuma hadi inakozaliwa chini ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka juu ya injini, na unamsihi msomaji asinunue kifaa chochote kabla hajathibitisha kwamba ndicho kibovu.

Maelezo haya yanahusu mashine ya mapigo mawili, ile ambayo oili yake huchanganywa ndani ya petroli, yenye silinda mbili na kamba ya kuvuta, ya nguvu za farasi kati ya 15 na 40, kwa kuwa hizo ndizo zinazosukuma sehemu kubwa ya boti za uvuvi na za abiria upande wetu wa Ziwa Victoria. Mashine za zamani sana huwasha kwa platini (viguso vinavyofunguka na kujifunga) na kondensa (kifaa kidogo kinachozuia platini kuungua), na zilizofuata huwasha kwa kisanduku cha kielektroniki kiitwacho CDI. Njia ya kuchunguza ni moja hadi ufike chini ya flaiwili, ambako zinaachana.

Je, ni cheche kweli?

Cheche ikikatika hukatika ghafla, kama taa iliyozimwa kwa swichi, na hurudi kwa ghafla ileile. Mafuta yakipungua, mashine hulegea polepole, hujikokota, kisha hupata nguvu kidogo na kulegea tena. Tofauti hii husikika vizuri zaidi mkiwa wawili ndani ya boti: mmoja ashike usukani, na mwingine akae karibu na ule mpira wa kubonyeza ulio kwenye bomba la mafuta. Mashine ikianza kudhoofika, aubonyeze mara kadhaa. Ikiinuka papo hapo, tatizo liko katika bomba, kichujio, pampu ya mafuta au kabureta, na hutapata faida kubwa kwa kufungua mfumo wa umeme. Isipojali kabisa, endelea kusoma.

Kabla ya kushika spana, andika ni wakati gani hasa mashine inamisi, kwa sababu wakati huo tayari unakuonyesha pa kuanzia. Inayokwenda vizuri taratibu lakini ikamisi ukiongeza mafuta boti ikiwa na mzigo, kwa kawaida ina cheche dhaifu. Silinda inapojaa hewa na mafuta, mgandamizo hupanda na cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili kuruka ule mwanya mdogo wa plagi. Inayomisi baada ya nusu saa ya kazi, kisha ikapona ikipoa, inaelekeza kidole kwenye koili au kisanduku cha CDI. Inayosumbua alfajiri au baada ya mvua, kisha ikanyooka jua likiwaka, ina unyevu unaopitisha umeme nje ya njia yake. Inayomisi ikiwa taratibu tu, na kunyooka ikikimbia, mara nyingi ni kabureta chafu, ingawa plagi iliyojaa masizi nayo hufanya hivyohivyo.

Kuhusu masizi, kuna jambo la hapa kwetu ambalo watu hulisahau. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kwa kumi. Mashine iliyorekebishwa kwa matumizi ya baharini ikiletwa ziwani hupata hewa pungufu kwa petroli ileile, na plagi zake hushika masizi mapema. Mwenye mashine hubadilisha plagi kila mwezi akidhani ananunua plagi mbovu, kumbe jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli, ndizo zinazohitaji kutazamwa.

Mahali pa kufanyia kazi

Tafuta pipa la lita 200 lililokatwa mdomo, ulijaze maji hadi yafunike vizuri lile bamba pana lililo juu ya propela, kisha uifunge mashine kwenye ubao imara. Ondoa propela. Usiiwashe mashine ikiwa kavu hata kwa sekunde chache za kusikiliza sauti, kwa kuwa impela ya pampu ya maji ni ya mpira na hulainishwa na maji yenyewe. Ikikauka huungua, na utakuwa umejiongezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Tangi la petroli likae mbali, upande unakoelekea upepo, kwani utakuwa ukirusha cheche hadharani. Umeme wa koili hupita volti 15,000, na mshtuko wake unaweza kumrusha mtu nyuma akaangukia chuma. Shika nyaya za plagi kwa plaisi yenye mpira mkavu, kamwe si kwa vidole.

Vifaa si vingi: spana ya plagi, bisibisi, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), multimita ya kawaida, brashi ya waya, msasa laini na tepu ya umeme. Ongeza plagi mbili mpya za namba ileile iliyoandikwa katika kitabu cha mashine, ambazo hazitapotea hata kama si dawa ya tatizo hili.

Hatua ya kwanza: isome plagi

Zima mashine mara tu inapomisi, bila kuiacha izungukezunguke taratibu, kisha ung'oe plagi zote mbili na kuziweka kwa mpangilio, ya juu juu na ya chini chini. Ukizichanganya umepoteza nusu ya ushahidi. Plagi yenye afya huwa na rangi ya kahawia au kijivu chepesi kwenye kauri. Nyeusi na kavu kama chungu cha jikoni ina maana petroli ni nyingi kuliko hewa. Nyeusi, iliyolowa na yenye oili, hasa ikiwa ni moja tu kati ya mbili, ndiyo tunayoitafuta: silinda hiyo inapata mafuta lakini haiyachomi. Nyeupe kama chokaa inaonya kwamba silinda inapata joto kupita kiasi, na ikiwa utaona vijipunje vya kung'aa vya alumini, acha kazi zote hapo na uipeleke pistoni ikaguliwe. Plagi iliyooshwa safi kabisa, na pengine ikiwa na tone la maji, hutoka kwenye silinda inayoingiza maji, aghalabu kupitia gasketi ya kichwa.

Pima mwanya wa plagi kwa fila geji na uulinganishe na ule uliotajwa kwenye kitabu. Katika mashine hizi huwa kati ya milimita 0.6 na 1.0 kutegemea muundo. Mwanya uliopanuka kwa kuliwa huidai koili volti nyingi zaidi, na koili ya zamani huenda isizitoe. Tazama pia kauri kama ina ufa, hata mwembamba kama unywele. Usiisafishe plagi kwa kuipiga mchanga, kwa sababu chembe hubaki ndani na kwenda kukwaruza silinda. Unaporudisha plagi mpya, izungushe kwa mkono hadi ikae, kisha uikaze kwa spana nusu mzunguko tu. Hesi za kichwa cha alumini huharibika upesi, na kuzirudisha ni kazi ya mtu mwenye mashine ya kutolea hesi.

Hatua ya pili: itazame cheche yenyewe

Mafundi wengi huiegemeza plagi kwenye chuma cha injini, huvuta kamba, huona cheche na kusema koili ni nzima. Kipimo hicho kinadanganya. Nje ya silinda hakuna mgandamizo, na hata cheche dhaifu huruka mwanya wa plagi bila taabu. Tengeneza kipimo chako: kipande cha mbao kavu chenye misumari miwili iliyoelekeana kwa ncha, ikiachana milimita 7. Msumari mmoja uunganishe na chuma cha injini kwa waya, na mwingine na waya wa plagi. Waya wa silinda ya pili nao uunganishe na chuma kupitia plagi yake, kwani kuvuta kamba huku waya ukining'inia hewani kunaweza kuua kisanduku cha CDI. Kiweke kipimo mbali na matundu ya plagi, kwa kuwa mvuke wa petroli hutoka humo kila unapovuta.

Vuta kwa nguvu ya kawaida ya kuwashia. Cheche nzuri ni ya buluu, nene, yenye mlio wa kupasuka, na haikosi hata mvuto mmoja. Ya manjano, nyembamba, inayokuja leo na kukosa kesho, ni dhaifu. Fanya kivulini, kwa kuwa jua la saa sita huificha hata cheche nzuri. Kisha upime silinda ya pili vivyo hivyo.

Matokeo yanagawanyika njia mbili, na hapa ndipo pesa nyingi huokolewa. Silinda zote mbili zikiwa dhaifu au zikikosa pamoja, kosa liko katika kitu kinachozihudumia zote: swichi ya kuzimia, waya mkuu wa ardhi, koili ya kuchaji iliyo chini ya flaiwili, au kisanduku cha CDI. Silinda moja ikikosa na ya pili ikiwa nzima, kosa liko katika njia ya silinda hiyo peke yake, na hupaswi hata kuifikiria CDI bado.

Hatua ya tatu: hamisha, usinunue

Silinda mbili ni zawadi, kwa sababu moja ni shahidi wa mwenzake. Hamisha plagi ya silinda inayokosa uipeleke kwenye silinda nzima, na ya huko uilete huku. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mgonjwa. Usipohama, zirudishe na uhamishe kofia, kama ni za kufungua kwa mkono. Usipohama tena, badilisha koili zenyewe, ikiwa mashine yako ina koili mbili zinazofanana. Hamisha kitu kimoja tu kila mara na ujaribu tena, hata kama mvua inakaribia na mwenye boti anasimama juu ya kichwa chako akiuliza itapona saa ngapi.

Kofia na nyaya za plagi

Ng'oa kofia na uangalie ncha ya waya ndani yake. Shaba iliyogeuka kijani haipitishi umeme ipasavyo. Kata waya kiasi cha milimita 6 hadi uone shaba inayong'aa, kisha uirudishe kofia kwa kuizungusha ili skrubu yake iume katikati ya waya. Nyaya zilizokatwa mara nyingi huwa fupi na hukazwa kama uzi wa gitaa, na mtetemo wa injini huzing'oa taratibu, hizo zibadilishwe. Kofia nyingi zenye kizuizi ndani husoma takriban omu 5,000 kwenye multimita, na ikisoma makumi ya maelfu, au isisome kabisa, itupe.

Uvujaji wa cheche huonekana vizuri gizani, na wavuvi wa omena wanaoingia ziwani usiku wana nafasi kuliko fundi wa mchana. Ondoa kifuniko, washa mashine ndani ya pipa mahali penye giza, kisha unyunyizie maji laini kama ukungu juu ya nyaya na koili. Utaona vijicheche vya buluu vikitambaa kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma. Tepu ya umeme itakufikisha nyumbani, lakini si tiba.

Swichi ya kuzimia na waya wa ardhi

Swichi ya kuzimia hufanya kazi kwa kuupeleka umeme wa cheche kwenye chuma cha injini. Waya wake ukichubuka popote na kugusa chuma, mashine huzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa sekunde bila mtu kugusa kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua koili, kisha plagi, kisha koili ya pili kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ya kwanza ndiyo iliyokuwa na kasoro, kabla sijagundua kwamba waya huo ulikuwa ukisuguliwa na ukingo wa kifuniko. Mashine ikisimama ulikuwa haugusi. Ikikimbia, mtetemo uliugusisha. Kipimo cha multimita kilionyesha kila kitu ni kizima, kwa sababu nilikuwa nikipima mashine iliyolala.

Kwa hiyo chomoa kwa muda waya wa swichi pale unapoingia kwenye CDI au kwenye platini, na uiwashe mashine ndani ya pipa. Kumisi kukikoma, umempata mkosaji. Kumbuka kwamba mashine sasa haitazimika kwa swichi. Itabidi uvute choki yote na uchomoe bomba la mafuta. Baada ya kipimo uurudishe waya huo, pamoja na kamba ya usalama inayofungwa mkononi. Naona boti nyingi ambazo swichi hiyo imeunganishwa kwa kipande cha waya ili isisumbue, na nahodha akitupwa majini na wimbi, boti huendelea kuzunguka na propela yake.

Waya wa ardhi unataka dakika kumi tu. Fungua kila skrubu inayoshikilia koili, CDI na nyaya nyeusi kwenye injini, sugua chuma hadi king'ae, paka grisi kidogo, kaza. Mashine iliyonunuliwa kuukuu kutoka pwani itazamwe kwa makini zaidi, kwa sababu chumvi ya bahari huendelea kula ndani hata baada ya miaka kadhaa ya maji baridi ya ziwa.

Koili

Kwa multimita, upande wa kuingiza umeme wa koili husoma omu chache sana, mara nyingi chini ya moja, na upande wa kutoa husoma maelfu ya omu. Tarakimu halisi hutofautiana kwa kila muundo, kwa hiyo linganisha koili moja na mwenzake katika mashine ileile. Koili inayokufa ikipata joto haikamatiki ikiwa baridi: ipime mara tu mashine inapomisi, kabla haijapoa, na uilinganishe na kipimo cha asubuhi. Ikiwa joto lenyewe limezidi, tafuta chanzo chake. Gugumaji likifunga tundu la kuingizia maji, kama linavyofanya mara kwa mara katika Ghuba ya Winam, injini nzima huchemka na koili isiyo na kosa huonekana mbovu.

Chini ya flaiwili

Fika hapa tu ikiwa yote yaliyotangulia ni mazima. Flaiwili ing'olewe kwa kifaa chake cha kuvutia. Ukiigonga kwa nyundo unaweza kuipasua sumaku au kupinda shafti, na hasara hiyo huenda ikazidi bei ya mashine. Ikitoka, tazama kwanza ule ufunguo mdogo wa chuma unaoishikilia kwenye shafti. Ukiwa umekatika nusu, cheche huja kwa wakati usio wake, na mashine hupiga mateke kwenye kamba au hulipuka kupitia kabureta.

Katika mashine ya platini, pima mwanya platini ikiwa imefunguka kabisa. Katika mashine nyingi za zamani za Johnson na Evinrude ni inchi 0.020, yaani karibu milimita 0.5. Nyuso zilizochomeka zisuguliwe kwa msasa laini sana, kisha zipitishiwe karatasi safi iliyoloweshwa petroli na nyingine kavu, kwa kuwa hata alama ya kidole yenye grisi hutosha kuizuia cheche. Chuma kikiwa kimehama kutoka uso mmoja na kujenga kilima kwenye mwingine, badilisha kondensa pamoja na platini. Ukikuta oili imelowesha platini, sili ya juu ya shafti imechoka, na platini mpya itaharibika wiki ijayo.

Katika mashine ya CDI, pima koili ya kuchaji na ile ndogo inayotoa ishara, na uangalie kama sumaku imezikwaruza. Kisanduku chenyewe hakipimiki kwa multimita ya kawaida. Huhukumiwa kwa kuondoa wengine wote, au kwa kuazima kizima kutoka mashine ya aina ileile ya jirani, jambo ambalo ufuoni ni rahisi kuliko dukani. Unaporudisha flaiwili, pangusa ncha ya shafti na tundu lake viwe vikavu, bila grisi wala oili, na ukaze nati kwa kipimo cha kitabu.

Cheche ikiwa nzima na bado inamisi

Pima mgandamizo. Silinda mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, pistoni, ringi au gasketi ndizo zenye neno. Kisha mimina petroli ya tangini kwenye chupa inayoonyesha ndani na uiache itulie. Maji hukaa chini kama duara linalong'aa. Tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa iliyowekwa mwaka 2018 ilikusudiwa kukomesha uchanganyaji wa mafuta hayo na mafuta ya magari, lakini petroli iliyopitia mitungi kadhaa kabla ya kufika ufuoni bado inafaa kunuswa na kutazamwa. Uwiano wa oili nao uwe ule wa kitabu; 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, nao haufai mashine zote za zamani.

Jaribio la ziwani lifanyike asubuhi maji yakiwa yametulia, karibu na ufuo, mkiwa na makasia na maboya ya kuvaa. Ipeleke kwa kasi yote kwa dakika tano boti ikiwa na mzigo, kisha uizime ghafla ikiwa katika kasi hiyohiyo na uchomoe plagi mlemle majini. Zikitoka zote mbili na rangi moja ya kahawia, zirudishe, andika tarehe ndani ya kifuniko kwa kalamu ya rangi, na ile plagi mbovu uivunje kauri kabla ya kuitupa, ili mtu asije akaiokota na kukuuzia tena.